Kabla Hujavaa Jezi ya Mwalimu Jilala

Bariadi, Jumapili alasiri

Minza mwanangu,

Umekwenda Lagangabilili kumuaga bibi yako, na mama yako yuko uani anafunga michembe ya viazi vitamu utakayobeba kesho. Mambo ya ndoo, shuka, kufuli la sanduku na namna ya kuishi na watu bwenini umekwisha kuyasikia kutoka kwake mara nne, mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, na wiki tatu zimepita nikishindwa kulisema kwa mdomo.

Ni wiki tatu tangu uliporudi kutoka kwenye majaribio ya chuo. Uliingia na vumbi la safari, ukakaa kwenye kigoda, ukasema umechukuliwa, tena kama namba kumi. Mama yako akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Walipoondoka ukaniambia, "Baba, kocha wetu ni mtu wa huku. Anaitwa Mwalimu Jilala. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Bariadi. Akaniuliza jina la baba. Nikamwambia Shija, wa kiwanda cha pamba. Akaliandika, halafu akasema, msalimie."

Ukaenda kuoga. Mama yako akaniangalia. Tonge lililokuwa mkononi mwangu nikalirudisha sahanini, na jioni ile sikula tena. Ulidhani naumwa tumbo.

Minza, mimi ndiye niliyemwondoa Mwalimu Jilala Bariadi. Nilimwondoa kwa uongo. Kesho unakwenda kukaa chini ya mkono wa mtu huyo, na sitaki uvae jezi yake bila kujua.

Wewe unanijua kama baba asiyependa uwanja. Hata ulipoanza kucheza sekondari na watu wakawa wananisimamisha sokoni kunisifia miguu yako, nilikuwa nakuja kimya, nasimama mbali kwenye goli la upande wa pili, naondoka kabla ya filimbi ya mwisho. Ulinilalamikia kwamba sikushangilii. Zamani nilishangilia kuliko mtu yeyote mji huu. Ulipokuwa darasa la pili nilikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa timu ya chuo, kile chuo cha ualimu ambacho uwanja wake ulipakana na njia ya ng'ombe, mpaka mechi ilikuwa inasimama kidogo kundi lipite. Sikusoma chuo hicho. Sikusoma chuo chochote. Lakini Jumamosi nikitoka kiwandani na nyuzi za pamba kwenye nywele, nilikwenda moja kwa moja uwanjani, na pale watu walinisogezea nafasi. Kiwandani nilikuwa mtu wa kubeba marobota. Uwanjani nikisema watu wanasikiliza. Hilo lilinilevya, na sikujua kama nimelewa.

Timu ilikuwa na namba kumi wawili. Mmoja ni Maduhu. Unamjua, yule wa kutengeneza baiskeli karibu na stendi. Mwingine alikuwa kijana wa Kiloleli aliyeitwa Petro. Maduhu alikuwa akipokea mpira na mgongo wake umelielekea goli, na kabla hajageuka wewe uliye nje ulikuwa umekwisha kusimama, maana ulijua kitu kinakuja. Petro alikuwa mtu wa pasi fupi. Anapokea, anampa aliye karibu, anasogea hatua mbili, anapokea tena. Hakuna aliyewahi kurudi nyumbani akamsimulia mtu habari za Petro.

Mechi ya tatu ya mashindano ya vyuo, Mwalimu Jilala akamweka Maduhu benchi, akaanza Petro. Tukashinda bao moja. Mechi ya nne, Petro tena, tukashinda bao moja tena, la kona. Angalia hapo, mwanangu: tulikuwa tunashinda. Ila tulikuwa tunashinda vibaya, na mashabiki wa Bariadi hatukutembea kilomita zote zile kuangalia watu wakipeana mpira kama wanapitishiana kata ya maji. Tulianza kunung'unika. Mimi ndiye niliyeyageuza manung'uniko yakawa wimbo. "Jilala toka." Wewe ulikuwa juu ya mabega yangu, umeshika masikio yangu, na uliimba kwa sauti kuliko wote. Watu walicheka. Mwalimu Jilala aligeuka akatutazama. Sijui kama unakumbuka. Mimi naukumbuka uso wake.

Siku mbili baadaye alinifuata kiwandani. Alisimama kwenye kivuli cha lori akanisubiri nimalize zamu. Alikuwa mwembamba, mpole, anafundisha hesabu, na shati lake lilikuwa na chaki mfukoni.

"Shija," akaniambia, "najua unampenda Maduhu. Hata mimi nampenda."

"Sasa mbona humchezeshi?"

"Siwezi kukuambia yote. Siyo siri yangu. Naomba uniamini mpaka mashindano yaishe tu. Wewe ukinyamaza, wengine watanyamaza."

Nikamwambia kocha asiye na la kuficha hasemi kwa mafumbo. Akanitazama, akasema, "Haya, nkoi," yaani rafiki, akaondoka. Mwanangu, mtu mwenye haya yake alikuwa amekuja kuniomba mbele ya wabeba marobota wenzangu, na mimi nilichofurahia ni kwamba wameona amekuja kuniomba.

Wiki ile ile nilikwenda msibani Kiloleli. Nikamkuta Mwalimu Jilala kwenye boma la akina Petro, amekaa kwenye mkeka na wanaume wa ukoo ule, anakula nao. Msiba ulikuwa wa babu yake Petro, naye alikwenda kama mwalimu anavyokwenda kumzika babu wa mwanafunzi wake. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimekaa mkeka wa jirani. Lakini nilipokuwa njiani kurudi, jambo lile likaanza kukua kichwani mwangu. Mbona anakula kama mwenyeji? Mbona mama yake Petro alimnawisha mikono yeye kwanza? Nilipofika Bariadi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Petro ni mtoto wa dada yake Jilala, na kwamba Maduhu amenyimwa nafasi kwa ajili ya undugu.

Nikamwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza, "Umesikia, au unataka kuwa umesikia?"

Nikamjibu kwamba mambo ya mpira yeye hayajui.

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya fainali. Sisi watu watano wa kamati ya mashabiki tukaenda kwa mkuu wa chuo. Ilivumishwa kwamba watu wa timu kubwa watakuja siku hiyo kumwangalia Maduhu, na mji mzima ulikuwa unachemka. Mkuu wa chuo alitusikiliza, kisha akasema, "Hayo ya undugu ni maneno ya vijiweni. Kuna mtu ana uhakika?"

Wenzangu wakaangalia chini. Kulikuwa na kimya. Ningeweza kukiacha kile kimya kipite. Nimekirudia mara nyingi miaka hii kumi na moja, na kila mara nakiona kilikuwa kirefu, nafasi ilikuwepo.

Nikasema, "Mimi nilikuwepo Kiloleli. Nilimsikia Petro kwa masikio yangu akimwita mjomba."

Sikusikia. Petro hakusema hivyo. Hakusema lolote siku ile, alikuwa anamlilia babu yake.

Mwalimu Jilala aliitwa. Baadaye niliambiwa kwamba alikana undugu mara moja tu, na alipoulizwa kwa nini basi amemweka nje mchezaji bora, alisema hawezi kueleza. Wakaona kunyamaza kwake ni kukiri. Wakamtoa kwenye timu kesho yake, akapewa mwalimu mwingine aishike kwa fainali. Tulipata habari tukiwa kwenye kahawa, watu wakanibeba juu. Nilirudi nyumbani nikikusimulia kwamba baba yako ameiokoa timu.

Fainali Maduhu alianza. Dakika kumi za mwanzo alikuwa Maduhu wetu, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha bila aibu. Ilipofika kama dakika ya ishirini akapokea mpira katikati, hakuna aliyemgusa, akageuka. Mguu ukabaki ulipokuwa na mwili ukaenda. Akaanguka. Uwanja mzima ukanyamaza tukamsikia yeye peke yake. Nilikuziba macho. Uliuliza, "Baba, kwa nini haamki?"

Petro akaingia badala yake. Mashabiki wetu, na mimi ndiye niliyewafundisha, wakamzomea kila alipogusa mpira. "Mpwa, mpwa." Akapoteza mpira mmoja, tukafungwa kwa mpira huo huo. Alimaliza chuo, sijasikia kwamba aliwahi kucheza tena. Siku hizi anafundisha Mwamanyili.

Maduhu nilimtembelea wodini baada ya wiki. Mguu ulikuwa umening'inizwa. Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Goti lilianza kumsumbua tangu mechi ya pili. Mwalimu Jilala ndiye aliyempeleka kwa daktari, na daktari akasema asicheze mpaka msimu uishe. Maduhu akamwomba mwalimu asimwambie mtu, maana watu wa timu kubwa wakisikia ana goti bovu hawatakuja kumwangalia hata mwaka unaofuata. Mwalimu akakubali kuonekana mjinga ili kijana asionekane mgonjwa. Kocha mpya alipomuuliza kama yuko mzima, Maduhu alisema yuko mzima.

Nikakaa pale kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimebeba maziwa mgando. Nikamwambia apone haraka, nikaondoka. Hiyo ndiyo nafasi ya pili niliyoiacha, na hii ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza nilikuwa mjinga na hii nilikuwa najua. Mwalimu Jilala alikuwa bado yuko Bariadi. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka hospitali. Aliomba uhamisho, na wiki tatu baadaye nililiona gari lililobeba vitu vyake likipita mbele ya kiwanda, meza, godoro na vitabu vyake vimefungwa kwa kamba ya katani. Nilijificha nyuma ya marobota. Mtu mzima, mwanangu, nimechuchumaa.

Tangu hapo sikukaa tena na mashabiki. Nikasema kazi imezidi. Nilidhani kuacha kushangilia ni adhabu ya kutosha. Haikuwa adhabu ya kitu chochote, ilikuwa namna ya kukaa mbali na watu wanaoweza kuniuliza. Na wewe ulipoanza kucheza, tena nafasi ile ile, nilikuwa nakuangalia unavyogeuka na mpira, goti langu mimi linauma.

Sasa nikueleze wiki hizi tatu, maana umeona nimebadilika na umeuliza mara mbili nikakujibu ovyo.

Kwanza nilitaka kukuzuia usiende. Siku ile niliyosema chuo ni mbali na wasichana wanaharibikiwa, sikuwa naamini neno hata moja. Nilikuwa nataka kujificha nyuma yako kama nilivyojificha nyuma ya marobota. Ulilia, na mama yako hakunisemesha siku mbili. Naomba unisamehe kwa siku hiyo.

Halafu nikaenda kwa Maduhu. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Alikuwa anavuta mnyororo wa baiskeli, mguu wake ule umenyooshwa pembeni. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka. Kisha nikamwambia yote, hata neno la mjomba. Aliendelea kuvuta mnyororo mpaka ukakaa. Akazungusha gurudumu akalisikiliza.

"Nilijua kuna mtu alisema," akaniambia. "Sikujua kama ni wewe."

"Nimekuharibia maisha, Maduhu."

"Hapana." Hapo ndipo aliponitazama, na alikuwa na hasira kweli. "Usinichukulie na hilo. Mimi nilijua goti langu. Nilitaka kucheza, nikadanganya, nikacheza. Zile dakika ishirini ni zangu. Usije hapa kuzifanya zako."

Akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Ila mwalimu," akasema, "mwalimu hakuchagua. Yeye alitukanwa kwa ajili yangu na kwa ajili yako. Mimi nilimwandikia barua nikamwomba radhi mwaka ule ule. Wewe umefanya nini?"

Alhamisi nikachukua ile karatasi yako ya maelekezo ya chuo, nikanakili namba ya kocha. Nikaenda nyuma ya ghala la mbegu nikapiga. Akapokea.

"Mwalimu, ni Shija wa Bariadi."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Kisha akasema, "Nilisubiri simu hii muda mrefu. Halafu nikaacha kuisubiri."

Nikaanza kueleza. Akanikatisha. "Mambo haya hayasemwi kwenye simu. Ulisema mbele ya watu ukiwa umesimama kwa miguu yako. Njoo uniambie hivyo hivyo."

"Nitakuja. Mwalimu, na mtoto wangu—"

"Usiniombe chochote juu ya mtoto wako," akasema. "Nilimchagua kabla sijajua ni wako. Akiweza atacheza, asipoweza atakaa benchi. Na mimi nikimkalisha sitatoa sababu kwa mtu yeyote, kama zamani."

Nikamuuliza ile salamu ilikuwa na maana gani.

"Ni salamu," akasema. "Kwaheri, Shija."

Nimeyageuza maneno yale kila upande. Sijui kama amenisamehe. Nadhani hapana. Nadhani ni mtu mwadilifu ambaye hajanisamehe, na hao ni vigumu kukaa nao kuliko wenye chuki, maana hawakupi hata sababu ya kulalamika.

Kwa hiyo sikiliza, mayu, mama yangu. Itafika Jumamosi hutaliona jina lako kwenye kikosi. Itafika tu, kwa kila mchezaji hufika. Nakujua, moyo wako utasema, ni kwa sababu ya baba. Huenda utakuwa umekosea. Huenda utakuwa sahihi, naye ni binadamu. Mimi sitaweza kukuambia ni lipi, na hilo ndilo jambo zito ninalokupa kubeba, kuliko hilo sanduku. Nilitaka ulipate kutoka kwangu kuliko kulisikia kwa mtu mwingine mbele ya wenzako. Ukitaka kumuuliza, muulize yeye, uso kwa uso. Usiwaulize wa jukwaani. Tulio jukwaani tunaona mpira. Magoti ya watu hatuyaoni.

Na kama chuoni atakuwepo mwenzako wa nafasi yako, mtu wa pasi fupi asiyeshangiliwa, mfahamu. Kaa naye. Mimi sikuwahi hata siku moja kumsalimia Petro. Nililitaja jina lake mbele ya mkuu wa chuo kabla sijawahi kumpa mkono. Mwezi ujao nitakwenda Mwamanyili kumtafuta. Sijui nitaanzia wapi.

Sasa la kesho. Mama yako anajua, nilimwambia yote jana. Aliniuliza tu kama safari hii nimesikia au nataka kuwa nimesikia, nikamwambia nimesema na mwalimu mwenyewe kwenye simu, na nimemsikia. Akanitolea shati jeupe kwenye sanduku, akalipiga pasi.

Nimekata tiketi mbili za basi. Nataka kwenda nawe, nimkute Mwalimu Jilala, nimwambie nimesimama, na yeyote atakayekuwepo asikie. Lakini kesho ni siku yako. Ni siku ya kwanza utakayoingia mahali ambapo hakuna anayekujua, na najua maana ya baba kuingia nawe akiwa amebeba aibu yake mkononi. Uwanjani kwa watu nimewahi kuamua nani acheze na nani akae. Hili uamue wewe.

Barua nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo ukirudi, au isome asubuhi. Nikitoka uani nimevaa shati jeupe, usiangalie shati, niangalie mimi. Ukisema, "Twende, baba," nitachukua mzigo mzito. Ukisema, "Baki, baba," nitakusindikiza mpaka stendi, nitakuaga vizuri, na nitaondoka na basi la kesho kutwa, peke yangu, nifike chuoni wewe ukiwa darasani, nimalize nililoendea, nirudi bila kukutafuta. Kwenda nitakwenda tu. Ninachokuuliza ni kama utataka kuwa karibu wakati baba yako anasema ukweli mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Sauti yako naisikia barabarani, umefika. Naacha hapa.

Baba yako,
Shija